Spesa za Gari la Neema

Mwaka nilioanza kazi ya matairi ni ule tuliokula ugali wa njano. Uwele ulikauka shambani ukiwa umefika gotini, mtama uliobaki wakaumaliza ndege, yakaja mahindi ya msaada kwenye magunia. Ukipika, ugali unatoka na rangi ya kiini cha yai na unanuka gunia. Wazee siku ya kwanza walikataa kuula. Siku ya pili walikula. Mboga ilikuwa mlenda mkavu, na chumvi kama ipo. Nikisema mwaka, basi ndio huo. Wanaotaka tarakimu wawaulize walimu.

Mimi ni Mama Lea. Ninyi mafundi wa gereji mnanijua kwa jina hilo, na wateja wengine wananiita Bibi Matairi, naitika. Nimestaafu juzi baada ya magoti kukataa kuchuchumaa. Mmeniomba niandike ya kazini, na ninajua mnachotaka hasa. Mnataka kujua kwa nini nilikataa kufunga spesa za mjukuu wangu Neema siku ile ya mlimani, mbele za watu wote, wakati alikuwa na nafasi ya kuchaguliwa na mimi nilijua anaitaka nafasi hiyo kuliko chakula. Nitafika huko. Nimesoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo mkikuta herufi zimelala, ziinueni.

Mwaka huo wa ugali wa njano nilikuwa nauza karanga za kuchemsha kando ya barabara, mbele ya gereji ya Mzee Hamisi, Mrangi wa Kondoa, mtu mfupi mwenye mabega ya mtu mrefu. Siku moja nikamwambia, "Mzee, karanga hizi nazila mwenyewe kuliko ninavyouza. Nipe nyundo."

Akanitazama mikono. "Mgogo wewe, mikono hiyo imejaa mlenda. Nati zitakuponyoka."

"Na yako imejaa mafuta ya alizeti," nikamjibu, "mbona hazikuponyoki?"

Alicheka mpaka akakalia tairi. Kesho yake nikaja na ovaroli ya mume wangu Lazaro, nimeikaza kiunoni kwa kanga. Watu walisimama kutazama. Mwanamke anayegonga tairi la lori lilikuwa jambo la kuacha kazi zako ukalione. Wakachoka kutazama, mimi nikaendelea kugonga.

Siku ya kwanza lakini sikugonga chochote. Mzee Hamisi alinikalisha kwenye debe mbele ya lori la vitunguu lililokaa chini upande mmoja, akaniambia, "Leo tazama tu." Akafungulia kompresa. Lile tairi lililokuwa limelala kama ngozi ya mbuzi likaanza kuvimba, likajinyoosha, likapanda taratibu, na lori likapanda nalo. Lori zima, magunia yamepangwa mpaka juu, turubali juu yake, na utingo amelala fofofo juu ya turubali, yote hayo yakainuka. Nikauliza, "Linabebwa na nini?" Mzee Hamisi akasema, "Upepo." Upepo huuhuu wa Dodoma, unaotutia vumbi machoni na kutuangushia nguo kwenye kamba, umefungiwa ndani ya mpira na umebeba vitunguu vya watu mpaka sokoni. Nilirudi nyumbani nikakaa uani natazama nguo zinavyopepea kwenye kamba. Lazaro akadhani nimefukuzwa.

Nimeifanya kazi hii mpaka nimezeeka, na mshangao ule haujanitoka. Ukikutoka wewe, tafuta kazi nyingine, kauze maji.

Zamani rimu za malori zilikuwa na ringi ya chuma pembeni ya kushikilia tairi. Ringi isipokaa sawasawa, upepo unairusha. Niliona moja ikiruka. Sikuiona vizuri, maana kitu cha mwendo ule hakionekani. Nilisikia mlio, halafu nikaona mwanga mahali ambapo hapakuwa na mwanga. Ilikuwa imetoboa bati la paa na kwenda kuangukia nyuma ya choo. Mzee Hamisi akainua macho akalitazama lile tundu kwa muda. Akasema, "Hapo kingepita kichwa cha mtu." Akaokota nyundo yake akaendelea. Tundu hakuliziba. Mvua ikinyesha tulisogeza vyombo pembeni, tukafanya kazi, na kila tone lilipoanguka tulikuwa tunajua limepitia wapi.

Mzee Hamisi hakuwa mtu wa maneno mengi, ila alikuwa na mambo yake, na nimeyafuata mpaka mwisho. Nati unaianzisha kwa vidole, huianzishi kwa spana, kwa sababu vidole vinasikia uzi ukikosea na spana haisikii. Unakaza kwa kuruka, hii ya juu kisha ile ya mkabala, huzunguki duara kama anayekimbiza kuku. Na ukishafunga, unapanda. Aliyefunga gurudumu anakaa kwenye gari na mwenye gari, wanazunguka kidogo, wanarudi, anakaza tena. Mteja akisema ana haraka, Mzee Hamisi alikuwa anamfungulia mlango wa abiria na kujiingiza mwenyewe. "Twende na haraka yako," anasema. Nilivyopanda magari ya watu kwa kazi hii, nimemjua kila dereva mbaya wa mji huu.

Langu mimi lilikuwa udongo. Mnajua nimezaliwa kwenye tembe, na kazi ya kukandika ukuta ilikuwa ya wanawake. Mkono wangu ulijua unene wa udongo kabla sijajua kusoma namba. Kwa hiyo nilipotaka kujua tairi limeachana kiasi gani na madigadi, nilifinyanga vidonge vya udongo mwekundu laini, nikavibandika chini ya madigadi na ubavuni, gari likashuka, nikakata usukani huku na huku, halafu nikavibandua nikavitazama. Kidonge kikitoka kinene kama andazi, nafasi ipo. Kikitoka kama chapati, fikiri tena. Kikitoka kama karatasi, au kisipotoka kabisa, toa ulichofunga. Mafundi wenzangu walinicheka wakasema mama anajenga nyumba kwenye gari. Baadaye nikawakuta nao wamebeba udongo kwenye kopo la rangi.

Mzee Hamisi akafariki, Mungu amrehemu, wanawe wakaiendesha gereji, mji ukakua. Ofisi zikahamia, barabara zikapanuliwa, Nzuguni tulipokuwa tunachunga mbuzi pakaota nyumba za vigae, na Lazaro akabaki na mbuzi wake wakila maua ya majirani. Yakaanza kuja magari madogo ya mbio, milango miwili, yameinama kama yanatafuta kitu kilichoanguka. La kwanza lilipoingia gerejini nililizunguka kama ninavyozunguka ng'ombe wa mahari. Nikalala chini kulitazama tumbo. Matairi mapana, membamba ubavuni, kama mkanda. Nilizoea tairi la lori, lenye ubavu mrefu unaomeza mashimo. Hili lilikuwa na ubavu wa vidole vitatu. Nikajiuliza anayepita na hili kwenye matuta ya Mbande anamwomba Mungu gani.

Na magari hayo ndiyo yaliyotuletea spesa. Kwa wageni wa kazi: spesa ni kisahani cha chuma chepesi kinachokaa kati ya habu, yaani kile kitovu gurudumu linapofungwa, na rimu ili gurudumu lisogee nje. Wengine wanataka gurudumu lijae madigadi, lisizame ndani kama macho ya mgonjwa. Wengine wanataka gari lisimame kwa upana, kama mtu anayepanua miguu asisukumwe. Sababu zote mbili nazielewa. Lakini kila milimita unayosogeza gurudumu nje unaichukua mahali. Unaichukua kwenye uzi wa nati, au kwenye beringi, au kwenye nafasi ya madigadi. Hakuna milimita ya bure.

Sasa Neema. Neema ni mtoto wa Lea, binti yangu wa kwanza, na nimemlea mimi. Anafundisha watu udereva hapa Nzuguni. Ana mikono myembamba na uso wa mtu anayetaka kukuuliza swali, na anaendesha gari kama mtu anayemwaga maji kwenye mfereji: yanakwenda yanakotakiwa. Nikimwona akirudi nyuma kwa gari la mafunzo kwenye kichochoro chetu, nasimama kutazama hata kama maharage yanaungua. Najisifia, ndiyo. Ninyi mna wajukuu gani?

Jambo moja lazima mlijue kuhusu sisi wawili. Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Mjukuu wa kike ni mke mwenzangu, na mume wetu ni Lazaro na mbuzi wake. Tangu Neema aanze kusema, hatujawahi kuzungumza kitu bila mzaha ndani yake. Akiumwa ananiambia mume wetu kamroga. Nikitaka chumvi namwambia alete, la sivyo simpishi zamu yake. Watu wasiotujua wanadhani tunagombana.

Siku alipoleta gari lake gerejini, gari la mbio la Kijapani, la zamani, jeupe, alilolinunua likiwa limekaa kwenye matofali, alishusha kioo akasema, "Mke mwenzangu, nimeleta mume mpya. Yule mzee mchukue wewe mzima."

"Huyu mume mbona hana miguu?" nikamwambia. Rimu za nyuma zilikuwa zimezama ndani kabisa.

"Ndio nimemleta kwako umpe. Nataka spesa za ishirini na tano nyuma. Na matairi mapana."

"Ishirini na tano ni spesa au ni kigoda?"

Akaniambia habari yenyewe. Kulikuwa na siku ya magari inaandaliwa upande wa Kibakwe, kwenye kipande cha lami kinachopanda mlima, wamepata ruhusa kukifunga. Gari moja moja linapanda, mara mbili, anashinda aliye na muda mfupi zaidi. Na watatu wa kwanza wanaingia timu itakayokwenda kushindana mikoani. Madereva wote walioandikishwa walikuwa wanaume isipokuwa yeye. Alisema hayo akitazama usukani, hakutia mzaha hata mmoja. Hapo nikajua anaitaka nafasi ile kwa uchungu. Nikasema, "Haya, leta jeki."

Tulianza na matairi. Namba za ubavuni mnazijua: ya kwanza upana kwa milimita, ya pili urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana ule, ya tatu rimu kwa inchi. Mbele hatukubishana, mia mbili kumi na tano, arobaini na tano, kumi na saba. Nyuma nilitaka mia mbili thelathini na tano kwa arobaini na tano, nikasema ubavu ukiwa mrefu kidogo gari halitamvunja kiuno. Neema akatoa simu akapiga hesabu.

"Bibi, hilo litakuwa refu kuliko la mbele. Litagusa juu, na mshale wa mwendo utadanganya. Chukua mia mbili arobaini na tano kwa arobaini. Ona, urefu unakaribia kulingana na la mbele, upana unaongezeka."

Nikatazama ile hesabu. Kitu kipana zaidi, kifupi ubavuni, na kikisimama kinalingana na kile chembamba. Nikamwambia arudie, akarudia. Nikapima rimu ya nyuma nikaona ina upana wa kulibeba. Alikuwa sawa na mimi sikuwa sawa, na nilifurahi kuliko ningekuwa sawa mimi. Mtoto niliyemfundisha kuhesabu kwa punje za mahindi alikuwa anahesabu duara.

Tukaja kwenye spesa. Tukaweka zile za ishirini na tano, nikabandika vidonge vyangu, gari tupu. Vikatoka andazi. Neema akapiga makofi. Nikamwambia asubiri. Nikaita mafundi wawili wanene wakakae kiti cha nyuma, wakaingia wakikunjwa kama nguo, nikatupia magunia ya mchanga kwenye buti. Hapa kwetu hakuna gari linalokwenda tupu. Leo lina dereva peke yake, kesho lina mama yake na kreti za zabibu. Vidonge vya pili vilitoka kama karatasi, na kimoja hakikutoka, kilikuwa kimepakwa kwenye tairi.

"Mlimani nitakuwa peke yangu," Neema akasema.

"Na kwenda huko? Mimi ntapanda nini, bodaboda?"

Tukashuka mpaka kumi na tano. Kipande kimoja kila upande, chenye ukingo wa kukaa kwenye habu, ili gurudumu libebwe na habu na nati zifanye kazi ya kubana tu. Tukatoa bolti za habu tukatia ndefu zaidi. Nikaanzisha nati kwa vidole, nikaisikia ikiingia na kuendelea kuingia, mpaka uzi ukajaa. Vidonge vilitoka kama chapati nene, ya nyumbani. Nikasema hapo.

Kabla ya kushusha jeki nilipaka unga wa mahindi kwenye tairi moja la nyuma, nikatandika boksi chini, tukashusha gari, tukainua tena. Kwenye boksi palibaki alama nyeupe. Nikaweka kiganja changu juu yake, kikakaribia kuifunika. Nikamwambia Neema aweke chake. Tukakaa tunaitazama. Gari zima, na injini, na yeye, na mwendo wote atakaokwenda nao, vimekaa juu ya viganja vinne. Kingine chote hakigusi ardhi. Nimefunga matairi miaka yote hii na kila nikiona alama ile naipima tena kwa kiganja.

"Bora tusingeiona hii," Neema akasema.

"Umeshaiona. Sasa nipandishe."

Nikapanda, maana nimefunga. Kuingia kwenye gari lile ni kama kuingia kisimani kwa makalio. Tukaenda barabara ya Morogoro polepole, nikisikiliza, halafu akapata mahali pa wazi penye kona ndefu akasema nishike. Nikashika mlango. Nilidhani najua magari. Alipoingia ile kona, mwili wangu ulitaka kuendelea Morogoro, gari halikutaka. Lilikaa chini, likaishika barabara kama mtoto anavyomshika mama yake sokoni, nikasikia changarawe mojamoja chini ya makalio yangu. Matairi yakaimba kidogo. Nikamtazama Neema. Uso umetulia, vidole vimelegea, macho yako mbali mahali ambapo gari lilikuwa halijafika. Nikasahau kuogopa. Nilikuwa natazama kitu kilichotoka tumboni mwangu kwa njia ya Lea, na kilikuwa kinafanya jambo ambalo mimi siwezi, kwa matairi niliyoyafunga mimi.

Tuliporudi nikakaza nati tena. Zote zilikuwa zimeshika, moja tu ilisogea kidogo kama mtu anayejiweka sawa kitini.

Siku yenyewe tulikwenda kwa gari lilelile, kwa Mpwapwa, tukivuka matuta kwa ubavu kama kaa. Lazaro alikataa kuja, alisema mbuzi hawana likizo. Kibakwe tulikuta watu wamekaa kwenye majabali mlima mzima, akina mama wanauza maandazi na viazi, watoto wako juu ya miti. Gari la kwanza lilipopanda, sauti ilitoka bondeni ikapiga mlima ule, ikarudi, ikapiga mwingine, na mzee mmoja kando yangu akavua kofia kama kanisani.

Neema akapanda. Nilimwona kona tatu za mwanzo, akapotea nyuma ya mwamba, nikabaki na sauti tu. Mtu akatangaza: wa nne. Ila pengo lake na wa tatu lilikuwa dogo, hata kukohoa humalizi. Aliporudi chini akaniambia kwenye kona ya juu mkia wa gari ulitikisika, akalazimika kupunguza. "Lingekuwa pana kidogo zaidi, nisingepunguza," akasema. Na mzunguko wa pili ulikuwa karibu kuanza.

Hapo ndipo alipokuja Deo, fundi wa gari jekundu lililokuwa linashindana na letu. Sitamsema vibaya Deo. Ni kijana mwenye adabu, alinipa shikamoo, na alikuja kusaidia mtu anayeshindana na gari lake mwenyewe, wangapi wangefanya hivyo? Alikuwa na spesa mbili za milimita kumi. "Mama, hizi ziwekeni juu ya zile zenu. Ishirini na tano, bila kubadilisha bolti. Mimi nimefunga hivyo mara nyingi. Zinashika."

Neema akazichukua akaniletea. Gari lilikuwa tupu, buti tupu, hata kidonge kisingesema kitu. Nikatoa gurudumu moja, nikaweka spesa ya pili juu ya ya kwanza. Ukingo wa habu haukufika, kwa hiyo ile ya juu ilikuwa inaelea. Nikarudisha gurudumu, nikaanzisha nati kwa vidole. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, ikafika mwisho. Uzi uliobaki kuishika nati ile ulikuwa kama wa kifuniko cha chupa ya soda. Nikatoa yote nikamrudishia mkononi.

"Sifungi, mke mwenzangu," nikamwambia. "Ukifa wewe, yule mzee nitabaki kumpikia peke yangu."

Watu walicheka. Walikuwa wamekusanyika, na maneno ya bibi kumwita mjukuu mke mwenza yanachekesha kila mahali. Deo alicheka. Neema alicheka kuliko wote, akanisukumia zile spesa tena, "Haya, mke mwenzangu, mume nitakusaidia kumpikia, funga." Alidhani tunafanya yale yetu. Na kwa nini asidhani? Maisha yake yote nimemwambia kila kitu kwa mzaha. Nilimwambia hivyohivyo asiguse jiko la moto, na asiolewe na yule mchumba wa kwanza. Sikuwa na lugha nyingine ya kumkatalia.

Nikakaa juu ya gurudumu. Nikaweka mikono mapajani, nikanyamaza. Kicheko kikaendelea peke yake kidogo, kikapungua, kikaisha. Neema akanitazama usoni, akatafuta mzaha, hakuuona.

"Bibi," akasema. Hakusema mke mwenzangu. "Bibi, ni watatu tu wanaochukuliwa."

"Najua."

"Deo anasema zinashika."

"Huenda zikashika." Na hilo nililisema kwa dhati. Ndilo linalonitisha katika kazi yetu, na ninawaambia ninyi mlishike: mara nyingi inashika. Unafunga vibaya na inashika, unafunga vibaya tena inashika, mpaka unaanza kudhani umefunga vizuri.

Deo akaokota spana ya magurudumu. "Dada, kama mama amechoka, mimi nitafunga. Ni dakika chache."

Neema akazitazama zile spesa mkononi. Akatazama juu, kwenye ile kona. Mimi sikumzuia, gari ni lake na yeye ni mtu mzima. Nilikuwa nimekaa tu.

"Acha, kaka," akamwambia Deo. "Gari hili anafunga bibi." Akamrudishia spesa zake.

Nikarudisha gurudumu kwa ile kumi na tano yetu, nati kwa vidole, kuruka kwa kuruka. Sikuwahi kukaza nati kwa uangalifu kama siku ile. Akapanda mlima. Watu waliokuwa juu wameniambia kwamba kwenye ile kona hakupunguza safari hii, aliuacha mkia utikisike akaurudisha kwa mikono, na mlima mzima ukasimama. Mimi sikuona, nilikuwa chini natazama mwamba. Alipunguza pengo mpaka likabaki la kupepesa jicho. Akabaki wa nne.

Watatu wakapigwa picha. Tukarudi Dodoma, yeye anaendesha, mimi nimekaa kwenye kile kisima, na matuta ya Mbande akayavuka moja moja, kwa uangalifu wa mwalimu aliyebeba mwanafunzi.

Baada ya hapo aliniheshimu. Sijui kama mnaelewa ubaya wa neno hilo. Kila asubuhi, "Shikamoo bibi," kapiga goti kidogo, macho chini. Akinipa chai, mikono miwili. "Bibi, naomba kupita." Lazaro akaniuliza pembeni, "Huyu mtoto anaumwa?" Nikamwambia haumwi, amenikasirikia. Nyumba nzima ilikuwa na adabu kama msibani. Nilikuwa nalala nikisikia ule mzunguko wa tatu wa nati vidoleni mwangu ukifika mwisho. Mara nyingine nilijiambia zingeshika, angekuwa kwenye timu, angekuwa anacheka. Sikuweza kuapa kwamba zisingeshika. Mpaka leo siwezi.

Halafu ikafika asubuhi moja, mimi niko uani nachambua mlenda, gari jeupe likaingia na kusimama mbele ya miguu yangu. Neema akashuka. Kuna siku nyingine ya magari imetangazwa, mlima uleule, nafasi moja ya timu iko wazi. Alikuwa ameficha mikono nyuma. Sikupata shikamoo. Akachuchumaa mbele yangu, akatoa mikono, na kila mkono una spesa ya kumi, mpya, bado inanuka mafuta ya dukani. Uso wake ulikuwa ule wa kutaka kuuliza swali, na sikuweza kujua kama anacheka au anaomba.

"Mke mwenzangu," akasema, "hizi tukiziweka juu ya zile zetu?"

Nikaifuta mikono yangu kwenye kanga. Nikazichukua zile spesa nikazipima uzito, nzuri, zimetengenezwa vizuri, nikazirudisha viganjani mwake na kumfumba vidole juu yake.

"Sifungi, mke mwenzangu. Ukifa wewe, yule mzee nitabaki kumpikia peke yangu."